Niuze mashine ili mwanangu apigwe picha ya ubongo?

Shikamoo Mama Mshauri,

Nakuandikia kutoka Kibirizi, hapa Kigoma. Ni usiku, mwezi mkubwa, mwalo wa mitumbwi umelala, maana wavuvi wetu wa taa wanasubiri usiku wa giza. Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi, nina miaka 36, mke mmoja na watoto watatu. Naomba jina langu lisitoke, maana huku kuanzia Katonga hadi Kibirizi tunajuana wote.

Shida yangu ni mtoto wa pili. Nitamwita Hamisi, si jina lake. Ana miaka minane, yuko darasa la pili. Shuleni hakai. Darasa lao lina watoto zaidi ya mia, na wakianza kuimba tebo kwa pamoja yeye huziba masikio akaingia chini ya dawati. Siku nyingine anatoka tu, anashuka ziwani peke yake. Walimu wanasema ni mkorofi. Mwezi wa tatu alirudi viganja vimevimba. Hakusema nani kampiga wala kwa nini, alikaa kizingitini akihesabu misumari ya mlango.

Nyumbani mvua ikipiga mabati anaingia uvunguni. Mchuzi ukigusa ugali hali tena, hata awe na njaa vipi. Lakini Mama, mtoto huyu anajua mashine! Mtumbwi ukiwa bado haujatokeza, tunasikia mlio tu kwa mbali, anakuambia ni wa nani. Siku moja alikuwa amejilaza barazani, akasema bila kufumbua macho, "Baba, ile inaenda na mguu mmoja." Mwenye mtumbwi aliponiletea nikaifungua, nikakuta plagi ya chini imekufa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nilikaa nyumbani bila kazi ya maana, na ndipo nilipoanza kumjua. Kabla ya hapo nilikuwa namwona kama mtaa unavyomwona. Nisamehe kwa hilo.

Tulimpeleka hospitali moja. Daktari alimtazama kama dakika kumi, akasema huenda ni usonji, huenda ni lile tatizo la kutotulia na kukosa umakini, huenda ni vyote viwili. Tukitaka uhakika, na kama uwezo tunao, twende Dar es Salaam akapigwe picha ya ubongo. Shemeji yangu aliye huko anasema MRI inaona kila kitu, hadi mshipa uliolegea.

Mama yangu anasema ni malaria. Ni kweli, akiwa na miaka miwili malaria ilimpanda kichwani, akapata degedege, akakaa siku mbili hatambui mtu. Mke wangu anasema alikuwa hivi tangu ananyonya: hakutazami usoni, ukimwita hageuki. Sasa hawa wawili hawasalimiani vizuri, kwa sababu ndani ya maneno ya mama yangu kuna mahali panaposema kwamba mke wangu alichelewa kumfikisha mtoto hospitali.

Kinachonichanganya zaidi, jirani yetu mmoja ana binti ambaye naye aliambiwa ni usonji. Binti huyo hasemi hata neno. Wangu anaongea kama redio, ila stesheni ni moja tu, mashine. Inakuwaje hawa wawili wapewe jina moja? Ndiyo maana naona picha itamaliza ubishi.

Nina mashine yangu mwenyewe ya mtumbwi, ya nguvu farasi arobaini, naikodisha kwa mvuvi. Hiyo ndiyo daftari, ndiyo unga. Nimepata mteja, kanipa arbuni laki tano, anasubiri giza lirudi aichukue. Mke wangu hajui. Hela nimeificha kwenye kopo la grisi. Yeye anataka tukipata chochote tumhamishie mtoto shule ya kulipia, yenye watoto wachache.

La mwisho sijamwambia mtu. Mimi niliacha shule darasa la tano kwa sababu nilikuwa kama yeye. Sikuweza kukaa. Hadi leo, kwenye hotuba ya Ijumaa, vidole vyangu vinafungua na kufunga nati isiyokuwepo. Je, ni mimi niliyemharibu?

Giza linakaribia, Mama. Nishauri.

Fundi, Kigoma

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, baba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimeshasahau habari ya mashine, namfikiria mtoto aliyejilaza barazani akasikia plagi iliyokufa.

Umeniuliza kama uuze au usiuze. Lakini humo ndani umeweka maswali mengine, na mengine ni mazito kuliko hilo: mwanangu ana nini hasa, nani alaumiwe, na je, huyu ni mimi? Swali la mashine nitalifikia. Niruhusu nianze na binti wa jirani, maana hapo umegusa jambo ambalo wataalamu wenyewe wamelishughulikia kwa miaka zaidi ya 80.

Mwaka 1943 daktari mmoja wa akili za watoto huko Baltimore, Marekani, Leo Kanner, aliandika habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Ndiyo makala iliyoufanya usonji ujulikane kwa jina lake. Sasa sikiliza: kati ya hao 11, wanane walikuwa wanaongea na watatu hawakuwa wanaongea. Kwa hiyo mwanao na binti wa jirani walikuwa pamoja kwenye ukurasa tangu siku ya kwanza. Kilichowaweka pamoja hakikuwa ulimi. Ni namna walivyokuwa na watu, na jinsi walivyotaka kila kitu kibaki kilivyokuwa jana. (Ule mchuzi usioruhusiwa kugusa ugali, Kanner angeutambua.)

Mtoto wa kwanza kwenye orodha yake alikuwa Donald Triplett, wa Mississippi. Alipokuwa na miaka mitatu wazazi walishauriwa wamweke kwenye kituo cha watoto, wakamweka, kisha baada ya kama mwaka wakaenda kumchukua. Baadaye aliishi shambani kwa mume na mke wakulima. Mwaka 1945 Kanner alikwenda kumtembelea akashangaa. Mtoto alikuwa na wazimu wa kupima vitu, basi wale wakulima wakamfanya achimbe kisima na awaambie kimefika kina gani. Alikuwa anahesabu mistari ya mahindi bila kukoma, wakampa jembe la farasi alime huku akihesabu. Hawakumkataza kuhesabu. Donald alisoma hadi chuo, akafanya kazi kwenye benki ya familia yao, akafariki mwaka 2023 akiwa mzee wa miaka 89. Najua, si kila familia ina benki. Na wapo wenzake katika wale 11 walioishia kwenye vituo kwa miaka mingi. Jina walipewa moja, maisha yakawa kumi na moja.

Kwa hiyo ukiniuliza inakuwaje watoto wawili tofauti waitwe kwa jina moja, nitakuambia jina hilo ni pana kama neno "samaki". Migebuka ni samaki na dagaa ni samaki, lakini hakuna mvuvi anayechukua nyavu za huyu akamtegea yule. Na yule daktari aliyekuambia "huenda vyote viwili" hakuwa anababaisha. Zamani mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, unaofuatwa na wengi duniani, ulimtaka daktari achague kimoja. Toleo la mwaka 2013 ndilo lililoruhusu mtoto mmoja aandikiwe vyote. Toleo hilohilo ndilo lililotaja waziwazi habari ya masikio, ngozi na ulimi vinavyohisi kupita kiasi. Dakika zake kumi tu ndizo haba. Mtoto wa namna hii hupimwa kwa kuangaliwa akicheza, kwa kuulizwa maswali mengi mama yake na baba yake, na kwa kusikia mwalimu anasema nini. Damu haitoi jibu hilo.

Na picha? Hapa nataka tuongee kama mafundi.

Umeambiwa MRI inaona kila kitu. Inaona mengi: uvimbe, maji yaliyojaa kichwani, kovu, sehemu iliyoumia. Lakini usonji na kutotulia havina alama moja ambayo daktari ataiona kwenye picha ya mtoto mmoja akasema, "Huyu hapa." Najua watafiti wanapiga picha za ubongo kila siku na wanatangaza waliyoyaona. Mwaka 2007 Wamarekani walitoa matokeo ya watoto na vijana 446, nusu yao wenye tatizo la kutotulia. Waliangalia unene wa gamba la nje la ubongo, ambalo hunenepa utotoni kisha huanza kupungua. Kwa watoto wa kawaida gamba lilifikia kilele karibu na miaka 7 na nusu, kwa wale wasiotulia karibu na miaka 10 na nusu. Njia ilikuwa ileile, kwa mwendo wa taratibu, hasa sehemu za mbele zinazotusaidia kujizuia na kupanga. Ajabu ni kwamba sehemu inayoendesha mikono na miguu kwao ilitangulia kidogo. Miguu iko tayari kukimbia, breki bado zinafungwa! Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliwakumbuka watoto kadhaa ambao ningewaomba radhi.

Lakini hayo ni mambo ya kundi. Wewe unajua: mwalo mzima ukiwa umepata wastani wa ndoo ishirini, hiyo haikuambii mtumbwi wako ulipata ngapi usiku wa Jumanne. Wapo wasiotulia ambao gamba lao ni kama la wenzao, na wapo watulivu waliochelewa. Ndiyo maana picha ile iliyowafundisha watafiti mengi inaweza kurudi kwako na karatasi iliyoandikwa "hakuna tatizo lililoonekana", na Hamisi akawa bado yuko chini ya dawati. Ukifika hapo, baba, ukiwa stesheni na hiyo karatasi mkononi na mashine imeshaenda, utajisikiaje? Sikuulizi kwa kukutisha. Nakuuliza kwa sababu barua yako haikuifikiria hiyo njia, imefikiria ile ya kupata jibu tu.

Na kuna hili dogo, ila kwa Hamisi si dogo. Mashine ya MRI ni bomba unaloingizwa ukalala bila kujitikisa, nusu saa au zaidi, nayo inagonga kama mtu anapiga nyundo pipa tupu. Ni mtoto huyuhuyu wa mvua kwenye mabati. Watoto wengi wa namna yake huhitaji kupewa dawa ya usingizi kwanza, nayo inataka mtaalamu wake na ina hatari zake.

Je, nasema picha haina maana? Hapana. Hapa bibi yake anaingia, na hajasema upuuzi. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kuacha alama. Kampala waliwafuatilia watoto walioipata, na miaka miwili baadaye kama mmoja katika kila wanne alikuwa na upungufu katika kumbukumbu, umakini au kujifunza. Kwa hiyo daktari lazima aambiwe habari ya degedege na zile siku mbili, naye ndiye wa kupima kama picha inahitajika. Atauliza: degedege ilirudi baada ya hapo? Kuna maneno aliyokuwa akisema yakapotea? Upande mmoja wa mwili ni dhaifu? Anaganda akikodoa macho kwa muda mfupi, humpati? Likiwepo jibu la ndiyo, mambo yanabadilika, na huenda kipimo cha umeme wa ubongo kikatangulia picha yenyewe. Lakini mke wako naye ana ushahidi: mtoto hakugeuka alipoitwa hata kabla ya malaria. Wanawake hawa wawili huenda wote wanasema kweli. Mtoto anaweza kuzaliwa na ubongo wa namna yake, kisha malaria ikampitia kama inavyowapitia wengi mkoani kwenu.

Ila ile lawama ya kuchelewa hospitali, hiyo usiiache ikae chini ya mkeka. Kulaumu mama ni ugonjwa wa zamani, hata wasomi waliuugua. Kwa miaka mingi waliandika kwamba usonji unaletwa na wazazi baridi, hasa mama asiye na mapenzi. Kanner mwenyewe aliwahi kuchangia maneno hayo, na mwaka 1969 akasimama mbele ya wazazi akawaambia anawaondolea hatia. Ilichukua zaidi ya miaka 20. Wewe unaweza kumwambia mama yako jioni moja, kwa heshima yote, na mke wako awepo asikie.

Sasa ile nati isiyokuwepo.

Umeniuliza kama umemharibu. Tabia hii ya kutotulia hurithiwa kwa sehemu kubwa, hilo limeonekana kwa kuwalinganisha mapacha. Huenda basi ametoka kwako, kama masikio yake yanayosikia mashine yalivyotoka kwako. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza, kule Tabora, aliufunga mkono huo kwa leso ili nijifunze "mkono wa watu". Ubongo wa watu wengi huweka lugha upande wa kushoto. Miongoni mwetu sisi wa kushoto wengi pia ni hivyo, lakini wapo ambao lugha yao imekaa kulia au imegawanyika pande zote. Wangu umekaaje sijui, na sijahitaji kujua ili niandike safu hii. Leso ile ndiyo ninayoikumbuka.

Ndipo nikajiuliza, nawe usikasirike: ni kichwa cha nani unachotaka kukiona kwenye ile picha? Kuna mtoto mwingine hapa, wa darasa la tano, ambaye hakuna aliyemwambia kwa nini alishindwa kukaa. Nadhani naye anasubiri majibu, na yuko tayari kuuza kila kitu ayapate.

Nije kwenye pesa. Ukiuza, utapata safari na kipimo, na pengine mtaalamu wa watoto wa kukaa naye saa nzima, jambo ambalo lina thamani hata bila picha. Utapoteza chombo kinacholisha nyumba, na shule anayoitaka mke wako itakuwa ndoto, maana ada hudaiwa kila muhula. Ukiifuata ya mke wako, darasa dogo linaweza kumpumzisha mtoto masikio. Lakini watoto wachache si lazima mwalimu mpole, na shule nyingine za kulipia zinaficha fimbo nyuma ya geti zuri. Ningeenda kukaa kwenye darasa hilo asubuhi moja kabla sijalipa. Ipo na njia ya tatu ambayo hukuitaja: kuuliza kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri kama kuna shule ya karibu yenye kitengo, au mwalimu aliyesomea Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu. Hasara yake ni kwamba inaweza kuchukua miezi, na kitengo chenyewe kikawa kimejaa.

Kuna mengine yasiyongoja pesa. Apimwe masikio kwanza. Najua anasikia mashine maili moja, lakini mtoto asiyegeuka akiitwa hupimwa masikio kabla ya kichwa, ndiyo utaratibu. Rudi kwa daktari yule au mwingine, na umuulize hivi: "Picha ikionyesha kitu, matibabu yatabadilika vipi? Isipoonyesha, yatabadilika vipi?" Jibu la maswali hayo mawili linaweza kukusaidia kuamua kuliko mimi. Na nenda shuleni kwa habari ya vile viganja. Kanuni za nchi zinasema kiboko ni kwa ruhusa ya mkuu wa shule, visizidi vinne, na viandikwe. Nenda bila hasira, na mwalimu umwombe vitu viwili tu: mtoto akae karibu na mlango, na aruhusiwe kuziba masikio wakati wa tebo. Mwalimu mwenye watoto mia hawezi mengi, lakini hayo anaweza.

Chukua pia daftari. Barua yako imemweleza Hamisi kuliko zile dakika kumi: kelele ya aina gani, chakula gani, anafanya nini akiumizwa. Sikio linalosikia plagi moja ikikosa huenda ndilo hilohilo linaloumia watoto mia wakiimba. Sina uhakika, wewe uko naye karibu zaidi, angalia uniambie. Yaandike hivyohivyo, na tarehe, umpelekee daktari yeyote utakayemwona, awe Kigoma au Dar.

Imebaki ile arbuni. Uamuzi wa kuuza unaweza kuwa sahihi, na unaweza usiwe. Ila kwa sasa umeufanya peke yako, na mke wako anapanga ada kwa mashine ambayo tayari ina mwenyewe mwingine. Hela haijatumika, mteja hajaichukua mashine, na ukirudisha arbuni mapema atanung'unika tu. Ukichelewa hadi giza lianze, mvuvi aliyekodi atakuwa ameshajipanga na huyu aliyenunua ameshajipanga, na hapo utakuwa na ugomvi wa watu watatu.

Mweleze mama Hamisi usiku huu wa mwezi, kabla mwalo haujaamka. Na ukishalitoa lile kopo la grisi mbele yake, mweleze na habari ya darasa la tano. Kisha niandikie alisema nini.